Mwaka wa Nyoka Mlangoni kwa Mama

Mikumi,
19 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Habari za tangu Krismasi? Goti linaendeleaje, na kuku wako bado wanatagia kwa Sesilia? Mimi sijambo, nakula nashiba, ila vidole vinanuka vitunguu saumu hata nikienda kanisani. Namshukuru Mungu.

Najua utauliza kwa nini sikupigi kwa simu ya Sesilia. Mama, simu ya Sesilia ni redio ya kijiji kizima. Mpaka siku utakayokubali nikununulie nyingine badala ya ile uliyoizamisha kwenye ndoo ya pumba, tutaandikiana hivi hivi, na Elikana atatubebea kwenye Fuso lake la vitunguu. Anapita Masanze kila baada ya siku mbili tatu, na anasema chai yako haina mfano.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niandike. Tarehe ishirini na tisa ni Mwaka Mpya wa Kichina. Hapa mgahawani kwa Mama Liu hatulali kwa maandalizi: tumeosha kuta, tumepaka rangi lango, tumetundika taa nyekundu kama maboga. Wachina wa ujenzi watakuja wote kula. Juzi tulikuwa tunachambua mboga, Mama Liu akaniuliza wewe ulizaliwa mwaka gani. Nikamwambia sitini na tano, mwezi wa tano. Akaacha kisu. Akaniuliza tena kama nina hakika.

Kwao kila mwaka una mnyama wake, kumi na wawili wanapokezana. Mwaka jana ulikuwa wa joka, huu unaoingia ni wa nyoka, ujao wa farasi. Wewe ni wa nyoka, mama. Na Mama Liu anasema mwaka wa mnyama wako ukirudi, usidhani ni sherehe, ndio mwaka ambao mikosi inakutafuta kwa jina. Dawa yake ni rangi nyekundu. Ukivaa nyekundu na mlango wako ukiwa na nyekundu, mkosi unapita mbali.

Kwa hiyo amekupa zawadi, ipo kwenye mfuko atakaokuletea Elikana. Kuna uzi mwekundu wa kufunga mkononi, na kuna kitambaa chekundu chenye nyoka wa dhahabu, cha kutundika mlangoni kabla ya tarehe ishirini na tisa. Kisishushwe mpaka siku ya kumi na tano, wanapowasha taa. Ukikishusha kabla ni kama umeifukuza bahati mwenyewe. Nimekuwekea na karatasi yenye miaka ya wanyama wote, nimeitafsiri mwenyewe, ucheke na Sesilia.

Mama, sijui kama ninaamini. Lakini tangu baba afariki unakaa peke yako pale, mvua zimeanza vibaya, na mimi huku nikisikia radi nakosa raha. Nifanyie hili moja. Tundika.

Binti yako,
Jenipher


Masanze,
24 Januari 2025

Mwanangu Jenipher,

Marahaba. Mimi mzima, goti ni lile lile, halisomi barua. Kuku wamerudi kutagia nyumbani baada ya kumwambia Sesilia kwamba mayai yangu nayajua kwa sura. Mpunga umeota vizuri, maji yasipouchukua tutakula.

Nyoka, Jenipher? Wachina wana wanyama kumi na wawili, na mimi mama yako nikaangukia nyoka! Nilipokunjua kile kitambaa Elikana aliruka nusura amwage chai. Nilicheka mpaka goti likauma. Babu yako kule Usukumani alikuwa anacheza ngoma na chatu shingoni, watu wanalipa kumwona, mimi nikiwa mdogo nimekaa mbele kabisa. Kwa hiyo mtu hanitishi mimi kwa nyoka wa uzi.

Ila nitakwambia ukweli, nilikikunja nikakirudisha mfukoni. Mimi ni Mkristo, ulinzi wangu naujua ulipo. Tena hapa si kama kwetu kule. Baba yako na mimi tulifika Masanze wewe ukiwa mgongoni, tumelima hapa, tumemzika hapa, na bado nikipita kisimani nasikia "yule Msukuma". Mjane wa kuja, anayekaa peke yake, akitundika nyoka mlangoni, watu wana midomo.

Halafu nikasoma tena pale ulipoandika kwamba ukisikia radi unakosa raha. Umenishika pabaya, wewe mtoto. Basi nimekitundika. Kama kipande cha nguo kitakufanya ulale, kining'inie.

Jirani yangu Ditram alisimama kukitazama, akaniuliza ni mapambo ya chama gani. Nikamweleza. Akasema Wachina wana mambo. Binti yake Goodhope ndiye amekipenda kupita wote. Akitoka shule anapita kwangu, ananyoosha kidole anapapasa macho ya yule nyoka, halafu ananiomba karanga. Ana meno mawili tu ya mbele na maneno ya mtu mzima.

Uzi nimeufunga mkono wa kushoto. Unawasha. Mwambie Mama Liu nimeshukuru, na mwambie Wasukuma nao wana dawa ya mikosi, inaitwa kulima mapema.

Mama yako,
Getrude


Mikumi,
31 Januari 2025

Mama yangu,

Shikamoo tena. Hujambo na baridi ya mvua? Mimi mzima ila miguu imevimba, tumesimama tangu mkesha.

Asante kwa kutundika. Nilipomsomea Mama Liu aliipigia makofi barua yako, hata pale pa kulima mapema alicheka.

Sikukuu imepita vizuri, lakini mama, ina miiko! Siku ya kwanza mfagio unafichwa. Hufagii, maana utaisukuma bahati ya mwaka mzima nje ya mlango. Sakafu ilijaa maganda ya karanga mpaka tukawa tunateleza. Huoshi nywele, hushiki mkasi. Samaki analetwa mzima mezani na hamalizwi, ili mwaka ubaki na akiba. Mimi nikaangusha bakuli likapasuka. Nilisimama pale kama nimeshikwa na polisi. Mama Liu akasema maneno haraka haraka ya kugeuza ule mkosi uwe baraka, akavikusanya vipande kwenye karatasi nyekundu, akanipiga begani, yakaisha. Na sisi wafanyakazi wote tumepewa bahasha nyekundu zenye pesa, kila mmoja kwa mikono miwili.

Jambo moja limenikaa vibaya. Siku ya pili aliingia dereva mmoja wa lori, mteja wetu wa siku zote, macho mekundu. Akasema mwenzake amefariki ajalini, amemzika jana. Kabla hajakaa, Mama Liu alimfungashia chakula, akampa bure, akamtoa mpaka nje ya lango. Nje kabisa, mama. Aliporudi aliosha mikono mara mbili. Aliniambia mtu aliyetoka msibani haingii nyumba ya watu mpaka taa za siku ya kumi na tano ziwashwe, anaweza kuleta msiba nyuma yake bila kujua. Akaniambia mwaka mmoja kwao China walimkaribisha mtu kama huyo, na kabla mwaka haujaisha akamzika mdogo wake.

Kwetu mtu aliyefiwa ndiye anayekaribishwa wa kwanza. Lakini nilimwona anavyoogopa, na siwezi kusema ni ukatili. Alimpa yule dereva nyama nyingi kuliko zetu.

Nakuja Machi nikipata ruhusa. Msalimie Goodhope, mwambie nitamletea pipi za Kichina, zina ufuta.

Binti yako,
Jenipher


Masanze,
5 Februari 2025

Jenipher mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili. Sitaki nikuzungushe.

Jumapili tulipotoka kanisani mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na maji yamefika kwenye majaruba ya juu ya mpunga. Wewe unajua maji yakipanda na nyoka wanapanda, kila mwaka wanatafuta pakavu kama sisi. Goodhope alitumwa ndani ya ghala lao kuchukua viazi. Nyoka alikuwa chini ya magunia. Amemuuma kwenye kiganja. Nilisikia yowe nikachechemea na goti langu bovu mpaka kwao. Ditram alikuwa ameshambeba, wakapakizwa kwenye bodaboda kwenda Kilosa. Yule mtoto alinitazama, hakulia. Yupo hospitali mpaka leo, wanasema mkono umevimba mpaka bega.

Sasa upande wa pili. Jumatatu asubuhi nilifungua mlango nikakuta watu watatu wamesimama barabarani wanakitazama kile kitambaa. Nikawasalimia, hawakuitikia. Jioni ile mwanamke mmoja, simtaji, alisema kisimani kwa sauti ili nisikie: aliyemwalika nyoka ndiye mwenyeji wake. Na mwingine akasema mtoto alikuwa anapita kwangu kila siku, anakigusa, anapewa karanga. Karanga zangu, Jenipher! Nilizozikaanga kwa mkono huu zimekuwa sumu.

Sesilia alikuja jana ananong'ona kama mgonjwa. Anasema kishushe, kichome, ukate na huo uzi. Nikamwambia Sesilia, fikiri. Nikikishusha leo, kesho watasema mmeona? Alijua alichofanya. Kikikaa mlangoni ni pambo la sikukuu ya watu. Kikichomwa gizani ni ushahidi. Mtu asiye na kosa hafichi kitu.

Nitakuwa mwongo nikisema siogopi. Kule nilikozaliwa nimeona nyumba ya bibi mmoja ilivyofanywa, akiitwa mchawi kwa sababu ya macho mekundu tu, na macho yale ni moshi wa kuni. Nilikuwa na umri wa Goodhope. Kwa hiyo ninapoandika neno hili kuogopa, ninajua ninachoandika.

Usipige simu kwa mtu yeyote hapa. Simu ya Sesilia inasikilizwa na watu kumi, watasema tunapanga. Mwombee mtoto.

Mama yako


Mikumi,
7 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi habari, nimeisoma barua yako nimesimama jikoni na mafuta yakaungua.

Kishushe. Mama, nakusihi kwa jina la baba, kishushe mchana kweupe, mwite mwenyekiti Lazaro awepo, mwambie ni binti yangu mjinga aliyeniletea, na mkichome mbele ya watu wote. Sema ni mimi. Kosa ni langu, kwa nini ulibebe wewe? Nilitaka kukukinga nikakuletea.

Nilimwambia Mama Liu. Alishika mkono wangu. Halafu akasema kisishushwe kabla ya tarehe kumi na mbili, kwamba sasa ndipo unakihitaji kuliko wakati wowote. Mama, ni mara ya kwanza nimempandishia sauti. Nikamwambia kwetu mtu hafi kwa kukosa rangi nyekundu, anakufa kwa maneno ya jirani. Hakukasirika. Alikaa tu, akaniuliza mtoto ana hali gani.

Naomba ruhusa nije. Ukinijibu ndiyo au hapana nakuja vilevile.

Mwanao,
Jenipher


Masanze,
9 Februari 2025

Mwanangu,

Goodhope amefariki juzi Ijumaa. Tumemzika jana. Nimesema tumemzika, lakini mimi nilisimama mbali.

Nilikwenda matangani na unga wangu kichwani kama mtu mwingine yeyote. Shemeji yake Ditram alinizuia uani. Akasema, "Rudi na nyoka wako." Wanawake nilioimba nao kwaya miaka yote walitazama chini. Ditram alikuwa amekaa ukutani, aliniona, hakusema ndiyo wala hapana. Nikaweka unga chini nikarudi. Hakuna aliyeuokota, mbuzi wameula.

Vijana wanataka kuwaleta lambalamba, wale wanaonyoa watu nywele na kuwataja wachawi. Lazaro amekataa, kasema serikali haitaki, ila ili wasijichukulie sheria mkononi ameitisha mkutano Jumatano saa nne. Ni mimi ninayejadiliwa. Sesilia amesema nitoroke niende Kilosa mjini. Siendi. Mtu akishakimbia mara moja hana tena pa kurudi, na baba yako amelala hapa.

Usije, Jenipher. Nasema kama mama, si kama rafiki yako. Ukija wataona aliyeleta kitambaa, na hasira itapata watu wawili. Kaa huko huko. Kama nikikosa kukuandikia Alhamisi, mtafute padri wa Kilosa kwanza kabla ya kuja hapa.

Nakupenda. Sijui kwa nini hatuandikiani neno hili, kalamu inaliweza.

Mama yako


Njiani, ng'ambo ya mto,
11 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Najua umenikataza. Nimekuja.

Asubuhi nilimwambia Mama Liu kwamba mtoto amefariki na wewe unawekwa mbele ya mkutano. Aliziba mdomo kwa mkono. Akaniambia polepole kwamba nikienda kwenye nyumba yenye msiba leo, nisirudi langoni kwake kabla taa hazijawashwa, na akiona mikosi imemfuata mwaka huu hajui kama ataweza kunitazama. Nikavua aproni nikaiweka mezani. Alinifuata mpaka barabarani na mfuko wa mikate ya mvuke, hakunigusa, aliuweka chini nikauokota. Nimemchukia na nimemhurumia kwa wakati mmoja, sijawahi kuhisi hivyo.

Elikana alinichukua. Tumefika hapa mtoni saa saba mchana, maji yanapita juu ya daraja. Magari yamepanga mstari. Nimetaka kuvuka kwa miguu, wamenishika. Kuna vijana wawili wanavuka kwa kushikilia kamba, wanapeleka dawa na barua tu, mtu hawambebi tena maana jana nusura wampoteze mmoja. Ndio wanaokuletea hii, ng'ambo kuna bodaboda.

Niko karibu sana na wewe, naweza kuiona milima ya kwetu. Nimekaa kibandani kwa mama mmoja anayeuza chai, anaitwa Magdalena. Ananiambia maji yatashuka. Kesho saa nne nitakuwa nimesimama hapa kwenye ukingo. Nikiweza kuvuka nitakuwa nimevuka. Mama, kesho useme kwa sauti kubwa kwamba ni mimi. Usinikinge, tafadhali. Mimi si mtoto.

Binti yako,
Jenipher


Hapa hapa mtoni,
13 Februari 2025

Mama,

Sijapata kitu kutoka kwako. Maji yako juu bado. Jana mchana watu wa ng'ambo walipiga kelele kwamba Masanze kuna nyumba inaungua. Niliuliza ya nani, upepo ukachukua jibu. Elikana alinishika kiuno nisiingie majini.

Andika hata mstari mmoja. Andika jina lako tu nilione.

Jenipher


Masanze,
14 Februari 2025

Jenipher, mtoto usiyesikia,

Marahaba. Niko hai. Nimeanza na hilo ili upumue kabla ya kuendelea. Barua zako zote mbili zimenifika leo kwa pamoja, zimelowa.

Jumatano nilivaa gauni langu la kwaya. Kitambaa nilikishusha mwenyewe asubuhi, jua likiwa limetoka na watu wakiniona, nikakikunja nikakibeba kwapani mpaka mkutanoni, pale ofisi ya kijiji. Si kwa woga, nilitaka wakione karibu. Watu walikaa upande mmoja, mimi nikapewa kigoda upande wangu.

Waliongea sana. Sikumbuki yote na sitaki kuyakumbuka. Zamu yangu ilipofika nilikitandika chini mbele ya Lazaro, nikasema ni binti yangu aliyeniletea, anafanya kazi kwa Wachina, na nikaeleza mambo ya miaka na wanyama kama ulivyonieleza. Nimekutaja, furahi. Nikatoa na ile karatasi yako. Kijana mmoja akasema huo ni uongo, nikamwambia taja mwaka wako. Akataja, nikamsomea: mbwa. Mwingine akataja, sungura. Lazaro mwenyewe akauliza, amezaliwa hamsini na tisa, nikatazama karatasi, nikasema mwenyekiti unisamehe, wewe ni nguruwe. Watu wakacheka. Jenipher, walicheka! Nikaona mabega yanashuka, hata yule mwanamke wa kisimani anahesabu kwa vidole. Nikajisemea moyoni, Getrude, umepona.

Ndipo Ditram akasimama. Kicheko kikakatika. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa mtupu tu. Akaniuliza mimi, si mwenyekiti:

"Na Goodhope wangu alikuwa wa nini?"

Amezaliwa elfu mbili na kumi na saba. Nilitazama karatasi muda mrefu ingawa nilikuwa nimeshaona. Nikamwambia jogoo. Akaitikia kwa kichwa, akasema ndiyo, alikuwa anatuamsha wote. Akakaa chini.

Nilikuwa naikunja karatasi Sesilia alipopiga yowe kwamba kuna moshi. Ulikuwa unatoka kwangu. Wakati wakubwa wanazungumza, wenye haraka walikuwa wameshakwenda na kiberiti.

Mimi na goti langu siwezi kukimbia. Aliyekimbia ni Ditram. Aliondoka pale kama amerushwa, na wengine wakafuata kwa kuona aibu. Nilipofika alikuwa juu ya paa la jiko anang'oa nyasi zinazowaka kwa mikono, anaita maji, na watu wale wale waliotoka kunijadili wamepanga mstari na ndoo kutoka kisimani. Jiko limekwisha. Nyumba imesalimika, ukuta mmoja ndio umekuwa mweusi. Kuku wawili sijawaona. Waliowasha tunawajua, ni watoto wa watu, Lazaro amewakabidhi polisi, na mama zao wameshakuja kulia kwangu. Sijawajibu bado. Nitawajibu nikiwa tayari.

Ditram aliposhuka mikono imebabuka. Nilimpaka asali. Aliniambia jambo hili, nakuandikia kama lilivyotoka:

"Mama Jeni, sikuwahi kuamini kwamba ni wewe. Ila nyoka humwulizi kitu. Nilitaka awe mtu."

Nilikasirika, mwanangu. Nilitaka kumpiga na ile ndoo. Siku zote zile sikulala, panga likiwa chini ya mto, na yeye kumbe hakuamini! Nilimwambia hivyo, kwa maneno makali kuliko haya, na hakujitetea. Alikaa tu na mikono yake imepakwa asali, nzi wanamjia. Halafu nikakumbuka ule mtazamo wa mtoto kwenye bodaboda, na hasira yote ikanitoka nikabaki nalia, na yeye akalia kama ng'ombe. Akaniinua akanishika mkono, akanipitisha uani kwake mbele ya yule shemeji, mpaka ndani kwa wanawake.

Wewe usijilaumu mpaka ukaugua. Ulitaka nikae salama, na mimi nilitundika nikitaka ulale. Hakuna mwovu hapo. Na Mama Liu usimchukie. Anaogopa kifo kisimfuate, na hapa tulikuwa kijiji kizima tunaogopa hicho hicho. Taa zao zimeshawashwa, ukitaka kurudi kazini utarudi. Sasa hivi sitaki urudi. Nataka uje.

Vijana wa kamba wanasema maji yanashuka, kesho au keshokutwa utavuka. Njoo na chumvi na kiberiti, vyangu vimeungua. Ningekuja kukupokea pale mtoni, goti au bila goti. Lakini sipo nyumbani, nakuandikia nikiwa kwa Ditram, mkekani. Mama Goodhope amelala hapa pembeni yangu, usingizi wa kwanza tangu Ijumaa ile, na ameshika pindo la kanga yangu. Nikijaribu kuinuka anashtuka. Kwa hiyo mimi siwezi kutoka. Ukifika usipite kwangu, njoo moja kwa moja huku.

Mama yako